Jicho la Kushoto la Mama Mwajuma

Simu ya Mwajuma ilinikuta kibarazani kwangu Njombe, blanketi miguuni, nikihangaika na kamera aliyoniletea mwanangu wa mwisho kutoka Dar es Salaam. Ni kamera ya siku hizi, ya kidijitali, nzito kiganjani, yenye vitufe vingi mgongoni na skrini inayowaka ukiigusa. Mwanangu alikuwa amenieleza upesi upesi, kama wanavyoeleza watoto wote, kisha akaondoka, na mimi nikabaki na menyu yake, nikishuka mstari kwa mstari, nikiingia humu na kutokea kule. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mashine inataka kujua mwanga wako ni wa namna gani. Haiulizi kwa maneno. Inakuwekea vipicha vidogo: jua, wingu, nyumba inayomwaga kivuli upande mmoja, balbu, taa ya bomba. Unachagua siku yako ilivyo, nayo inajirekebisha ili kilicho cheupe kibaki cheupe. Mwajuma alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, akasema mama amefariki alfajiri na atazikwa alasiri, na kwamba haniambii niwahi, ananiambia tu nijue. Nikasema poleni sana, nakuja. Lakini kwa muda kidogo sikuinuka. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kile kipicha cha wingu, na mbele yangu ukungu ulikuwa umelala juu ya miti ya miwati mpaka bondeni, na mwaka wangu mmoja wa Makambako ukaanza kunirudia, si kwa mpangilio, bali kama vyumba ambavyo mtu anapita akiwa nusu usingizini.

Nilikuwa na miaka ishirini wakati ule, nimemaliza kidato cha nne na sijui nifanye nini na mikono yangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na watu walipoanza kusahau foleni za sabuni, na Makambako, kwa vile imekaa pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Zambia, ilipata kila kitu kabla yetu sisi wa Njombe: mitumba, redio za kaseti, vioo vya kujitazamia vyenye maua pembeni. Mama Mwajuma alikuwa na studio ya picha mtaa wa Lyamkena, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, naye alitaka msichana aliyesoma wa kufanya naye kazi. Alikuwa mwanamke wa Kondoa, mrefu, wa makamo, ushungi ameufunga nyuma ya shingo ili usiguse lenzi. Mumewe, Baba Mwajuma, alikuwa dereva wa lori, na ndiye aliyemletea kamera kutoka upande wa Tunduma, ameiviringisha ndani ya sweta lake. Siku ya kwanza nilimsalimia Kamwene, salamu ya kwetu Wabena, kwa mazoea, akanijibu hivyo hivyo kwa lafudhi ya mbali, akacheka mwenyewe, akanionyesha kitanda changu. Upepo wa Makambako haupumziki. Ulipita chini ya mlango ukalitikisa pazia la studio, lile lililochorwa ndege ya abiria na ngazi yake, na wateja waliokaa mbele yake wakaonekana kama watu wanaosafiri kweli. Walikuja na redio zao mpya mapajani. Walikuja na suti za mitumba zenye mabega mapana. Nilikaa pembeni ya taa nikiwaangalia, na nilihisi kwamba nchi nzima ilikuwa inajipanga mbele ya pazia lile ili ionekane inakwenda mahali.

Kamera ile haikuwa na menyu. Ilikuwa na pete mbili kwenye lenzi na kirungu kimoja juu, basi. Pete ya kwanza ilifungua na kufunga tundu la mwanga, ya pili ilitafuta umbali wa mtu, na kirungu kiliamua mwanga ukae ndani kwa muda gani. Ukichungulia, upande mmoja wa kioo unaona mshale mwembamba unaopanda na kushuka kufuata mwanga, na katikati duara dogo lililokatwa nusu kwa nusu. Mtu akiwa hajalengwa vizuri, nusu ya juu ya uso wake inaachana na ya chini, macho huku, mdomo kule, kama mtu aliyegombana na nafsi yake. Unazungusha pete polepole hadi nusu zile zinakutana. Mama Mwajuma alinifundisha hayo kwa kunishika vidole, akisimama nyuma yangu, harufu ya tangawizi na dawa za picha ikitoka kwenye khanga yake. Alisema mwanga uingie kama maji kwenye mtungi, mdomo ukiwa mpana usubiri kidogo, mdomo ukiwa mwembamba usubiri zaidi. Hii kamera niliyoletewa inafanya hayo yote yenyewe, na inalia mlio mdogo, kama ndege, ikishampata mtu. Mara ya kwanza kuusikia mlio ule niliishusha kamera na kuitazama. Nilitamani kumwambia mtu kwamba kwetu kulikuwa na kimya mahali pale, na kwamba katika kimya kile ndipo ulipomwona mtu.

Tulikula mchana jikoni nyuma, sisi wawili, na Mwajuma akitoka shule. Kande za maharage, au viazi vya Iwawa vilivyoshushwa kwenye lori la jirani, vikubwa kama ngumi, tukivimenya vya moto huku tunavipuliza. Ilikuwa wakati wa chai ndipo nilipoanza kuona mambo. Mama Mwajuma alikuwa akiweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Nilidhani ni mtindo wa Kondoa. Alikuwa akimtambua mteja kabla hajafika kizingitini, lakini kwa kikohozi au kwa viatu, si kwa sura. Mwanga aliupima kwa kunyoosha kiganja dirishani, akakigeuza, akataja tundu na kasi, na mshale ukamkubalia karibu kila mara. Kisha nikaanza kuona kwenye mikanda tuliyosafisha kwamba watu wake hawakuwa wametulia. Nguo ilikuwa safi, pazia nyuma lilikuwa safi hata madirisha ya ile ndege ukayaona, lakini uso ulikuwa laini, umeyeyuka kidogo, kama mtu aliyeonwa kupitia pumzi yake mwenyewe siku ya baridi. Wateja hawakulalamika sana. Wengi hawakuwa wamewahi kujiona kwenye picha kubwa, na labda walidhani ndivyo walivyo.

Chumba cha giza kilipakana na chumba chao cha kulala, na ukuta wa katikati ulikuwa mbao tu. Alasiri moja nilikuwa nimejifungia humo na taa nyekundu, natikisa sinia la dawa, nikasikia Baba Mwajuma amerudi safari. Walikuwa wanaongea kama wanavyoongea watu waliooana siku nyingi, maneno machache yenye nafasi katikati. Alimuuliza kama ameamua kuacha kazi. Mama Mwajuma akasema ni dawa hizi za picha zimemla macho, na kilicholiwa hakirudi, kwa hiyo hana haja ya kuacha, atapiga picha mpaka siku ambayo hataona kabisa. Baba Mwajuma akauliza, kwa sauti ya chini, kama anamwona yule binti wa Kibena anayekaa naye.

"Namwona," alisema Mama Mwajuma. "Kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia."

Nilisimama pale na picha ya mtu niliyekwisha kumsahau ikizidi kuiva mbele yangu mpaka ikawa nyeusi yote. Sikuwa na uchungu. Nilihisi kitu kama aibu ya kupendwa na mtu asiyekujua sura. Tangu siku ile nilianza kufanya mambo madogo. Nilichora kwa chaki sakafuni mahali pa miguu ya kiti cha wateja, na kila asubuhi, kabla hajainuka kutoka kwenye mkeka wake wa sala, nilichungulia na kuiweka pete ya umbali sawasawa na kiti kile. Kiti kisipohama, pete haina haja ya kuguswa. Picha za studio zikatulia. Siku kadhaa zikapita, na tulipokuwa tunakunywa chai akasema, bila kugeuza uso, kwamba anaona kiti hakihami siku hizi. Nikasema hakihami, Mama. Akaniongezea sukari, na hatukulisema tena jambo lile kwa miezi.

Masika yakapita, na baridi ikaja na harusi zake. Ya Tulizo ilikuwa Njombe, binti wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anaolewa na kijana mwenye shamba la miti. Baba Mwajuma alitupandisha asubuhi kwa lori, na kadiri tulivyopanda ndivyo dunia ilivyozidi kufutika, kwanza vilima, kisha nyumba, kisha hata pembe za barabara. Kanisani kulikuwa na baridi ya mawe. Wanawake walikuwa wamejifunga vitenge juu ya makoti, kwaya inatoa moshi kila inapofungua kinywa. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mikanda, nami sikuachana naye hata hatua moja, kwa sababu pale hapakuwa na kiti wala chaki. Wakati wa kuvishana pete nilinyoosha mkono kuichukua kamera, lakini Mama Mwajuma aliishika kwa nguvu akaninong'oneza kwamba hii ni yake, picha ya pete hajawahi kumwachia mtu. Nilimwona anaizungusha ile pete ya lenzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani, kisha ikasimama mahali ambapo hapakuwa popote. Akapiga. Akapiga tena.

Nje ya kanisa maharusi walisimama kwenye ngazi, na ukungu ulikuwa umekaa nyuma yao kama ukuta uliopakwa chokaa. Gauni jeupe, ukungu mweupe, na nyuso mbili nyeusi zenye furaha katikati. Watu walikuwa wamejipanga kusubiri. Mama Mwajuma aliinua kamera, akachungulia kwa muda mrefu, akaishusha. Akainua tena. Nilisikia shangazi mmoja wa bwana harusi akiguna kwa Kibena kwamba huyu mama vipi. Ndipo Mama Mwajuma akageuka upande nilipokuwa nimesimama, akaninyooshea kamera mbele ya wote, akasema bila kupunguza sauti:

"Anyesi, piga wewe. Mimi siwaoni."

Hata watoto waliacha kukimbizana. Niliichukua kamera, ukanda wake bado una joto la shingo yake, nikachungulia, nikazikutanisha nusu mbili za uso wa Tulizo. Mama Mwajuma akasogea akasimama begani kwangu, akanyoosha kiganja kwenye ukungu, akaniuliza mshale unasemaje. Nikamwambia. Akasema nisiufuate, umeona weupe mwingi unadhani dunia nzima ni nyeupe, nikiutii nyuso zitatoka kama makaa. Nifungue tundu hatua moja, kisha nusu nyingine, niache gauni lijitegemee. Nikafungua. Ndivyo tulivyoipiga harusi ile, kiganja chake na jicho langu, kwenye ngazi, kwenye miwati, mbele ya mabakuli ya pilau na madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo wazee walikuwa wameyaficha nyuma ya nyumba ili mchungaji asiyaone. Nikikumbuka siku ile naikumbuka bila sauti, kama inavyokumbukwa ndoto, watu wanatokea katika weupe, wanasimama, wanatabasamu, wanarudi katika weupe.

Tuliporudi Makambako tulijifungia chumba cha giza pamoja. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikiinamia sinia, na picha zikaanza kupanda moja moja kutoka kwenye karatasi tupu. Alisubiri mpaka akasikia nimeacha kutikisa.

"Za nje?" aliuliza.

"Zimetulia, Mama. Nyuso zote zinaonekana. Hata jino la babu."

"Na za pete?"

Ningeweza kusema lolote. Asingeweza kuniumbua. Nilitazama zile mbili, mikono miwili iliyokuwa mawingu mawili, na padogo katikati panang'aa.

"Hazikushika, Mama."

Akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu, kama anayemsikiliza mtu mwingine. Kisha akasema ni vizuri nimemwambia, na kwamba yeye mwenyewe atamwambia Tulizo.

Kamera hii mpya ina kitufe chenye alama ya kapu la taka. Ukikibonyeza inakuuliza kama una hakika, na ukisema ndiyo, kilichokuwepo hakipo. Mwanangu anafuta picha huku anaongea na simu. Sisi hatukuwa na mahali pa kufutia. Tulizo alikuja na mama mkwe wake, wakakaa kwenye benchi la wateja chini ya ile ndege, na Mama Mwajuma akawaambia kabla sijazileta picha: za pete hakuzipata, macho yake yamekufa kidogo kidogo naye akaficha, na jambo lile hawezi kulirudisha. Tulizo hakusema haidhuru, kwa sababu ilidhuru. Aliizungushazungusha pete kidoleni, machozi yakamtoka, na nilimheshimu kwa kutoyaficha. Zile mbili alizitazama akaziacha mezani, akachukua za nje. Lakini mama mkwe wake, mwanamke mfupi wa sauti kavu, alikuwa hamtazami mkwewe. Alikuwa amemkazia macho Mama Mwajuma, akamuuliza kama anaona giza au anaona moshi.

"Moshi," alisema Mama Mwajuma. "Jioni ni afadhali, jua kali linauzidisha."

Yule mama akasema basi si dawa wala nini, ni mtoto wa jicho, yeye mwenyewe alikuwa naye, na wamemtoa kule Ludewa kwenye hospitali ya misheni, na sasa anachambua maharage bila mtu. Alilisema jambo lile kama anayetaja duka lenye chumvi. Mama Mwajuma aliweka mikono juu ya magoti. Miaka yote ile alikuwa ameificha habari ambayo, kama angemwambia mtu yeyote kwenye benchi lile, huenda ingejibiwa siku hiyo hiyo. Nadhani hilo ndilo lililomliza walipoondoka, si macho.

Tulikwenda kiangazi, vumbi jekundu likitufuata, kwanza kwa lori la Baba Mwajuma mpaka Njombe, kisha kwa gari la watu waliokuwa wanateremka Ludewa. Wodini wanawake waliongea Kipangwa asubuhi hadi jioni, nami nililiokota neno moja hapa na jingine pale, na sauti zao zilitutuliza kama maji yanayopita. Nilipika nje pamoja na wengine waliokuja na wagonjwa, ugali na majani ya maboga, na nilimlisha kwa mkono wangu macho yote mawili yakiwa yamefungwa. Daktari alitueleza mapema, bila kutuficha, kwamba jicho la kulia lilikuwa limeharibika hadi ndani na hatarajii litarudi, ila la kushoto lina matumaini. Jicho la kulia ndilo lililokuwa la kamera. Siku ya kufunguliwa alikaa wima kitandani. Muuguzi alitoa bandeji, akamfuta, akampachika miwani minene kama vitako vya glasi. Mama Mwajuma alitazama kwanza dirisha. Alilitazama sana. Kisha akanigeukia.

"Anyesi?"

"Ndimi, Mama."

"Una kovu juu ya nyusi."

"Niliangukia figa nikiwa mdogo."

"Karibu mwaka mzima nimekula na wewe." Akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule, kama anavyomweka mteja. "Nami nilidhani wewe ni mweupe."

Tulicheka mpaka muuguzi akatukataza, kwa sababu ya mshono.

La kulia halikurudi, kama daktari alivyosema. Tuliporudi Makambako Mama Mwajuma alianza upya kama mimi nilivyoanza, akijifunza kuchungulia kwa jicho la kushoto, pua yake ikisuguana na mgongo wa kamera, miwani ikimzuia kusogea. Aliniambia anaona katikati tu, pale penye duara, pembeni hapaoni. Kisha akasema katikati panamtosha, watu wenyewe wanakaa katikati. Juzi, karibu na kioo cha kuchungulia cha kamera hii mpya, niligundua kigurudumu kidogo sana ambacho mwanangu hakunionyesha. Ukikizungusha, picha inajirekebisha kufuata jicho la mwenye kamera, liwe zima au bovu. Nilikizungusha huku na huku kwa muda mrefu, nikimfikiria.

Upepo mkali uliporudi, ule wa mwezi niliofika, Mama Mwajuma alinifukuza. Sina neno jingine, ingawa alifanya kwa upole, akinisukumia bakuli la kande. Alisema Njombe kuna harusi baridi nzima na hakuna mpiga picha anayeujua ukungu. Alisema Baba Mwajuma amenipatia kamera, si mpya, lakini mshale wake mzima. Nilimwambia nataka kubaki. Akasema sasa anaona, na nikibaki nitaendelea kuona badala yake, na mtu ambaye mwenzake anaona badala yake siku zote mwisho huacha kutazama. Nililia jikoni huku namenya viazi, na Mwajuma akanisaidia kumenya bila kuniuliza.

Niliondoka asubuhi, ndani ya lori la Baba Mwajuma, upande wa dirisha. Mama Mwajuma alinisindikiza hadi kwenye uwanja karibu na reli, akasimama kati ya watu wengi waliokuwa wanapakia mahindi, khanga inampigapiga miguuni. Hatukuagana kwa maneno mengi. Lori lilizunguka njia panda, likaanza kupanda barabara ya Njombe, na kutoka pale juu niliweza kuuona uwanja wote, watu wadogo wadogo katika vumbi. Wengine walikuwa wanapunga. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani makusudi, nione kama atanipata mwenyewe, sikuitikisa, sikutoa hata kichwa nje, nikamtazama tu kupitia kioo. Alikuwa ameinua uso, ameukinga mwanga kwa kiganja, na kichwa chake kilikuwa kinageuka polepole kufuata magari, lile lililotutangulia, kisha letu. Kikasimama. Akashusha kiganja kutoka usoni, akakiinua juu, akanipungia.